Korongo Aliyejaa Pilipili

Kila alipotoka shule, Nakhisa alivua sare, akala, akaosha vyombo, kisha akateremka ngazi za ghorofa lao pale Bukoto, Kampala, akiwa ameshika sufuria ya gundi. Gundi yenyewe ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano, na mama yake alikwisha kulalamika mara nyingi.

"Huyo punda wako anakula ngano kuliko baba yako," alisema. "Na baba yako angalau akishiba anashukuru."

Punda alikuwa wa karatasi. Nakhisa alimtengenezea uani, karibu na kamba za kuanikia nguo. Alichana magazeti ya zamani, akavipaka vipande vile gundi, akavibandika juu ya puto tabaka baada ya tabaka. Masikio aliyakata kwenye boksi la sabuni. Mkia ulikuwa kamba ya katani. Macho ndiyo yaliyomchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu alitaka yawe macho yanayotazama kweli.

Alikuwa anamtengenezea Kukhu. Hivyo ndivyo alivyomwita bibi yake, aliyekuja Kampala kutoka Bungoma kutibiwa mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe unaoziba mboni. Kwa miaka miwili Kukhu hakuwa amemwona mjukuu wake sawasawa. Alimjua kwa sauti na kwa kumpapasa kichwa. Sasa madaktari walikuwa wamemwondolea ukungu ule, na bandeji zilikwisha kutolewa. Alipewa miwani myeusi na maagizo: asisugue macho, asikae penye moshi wala vumbi. Jumapili ndiyo ingekuwa siku yake ya kwanza kutoka nje kutembea.

"Kukhu, kitu cha kwanza utakachokiona huko nje kitakuwa punda wangu," Nakhisa alimwambia.

"Mayi," Kukhu alijibu, kwa neno la kwao la kumwita msichana mama, "punda nimewaona tangu nizaliwe. Mmoja aliwahi kunipiga teke."

"Huyu hapigi teke. Huyu ndiye anayepigwa."

Kukhu alicheka mpaka ikambidi ashike miwani yake isianguke.

Ni kweli, punda yule aliumbwa apigwe. Mtaani kwao palikuwa na mkahawa wa chakula cha Meksiko. Kwenye kibao chake ilichorwa kofia pana kiasi kwamba mvua ikinyesha, watu walisimama chini ya kibao wakadhani wamejikinga. Kwa hiyo mkahawa uliitwa Kofia Kubwa. Mwenyewe alikuwa Bwana Hippolyte, Mkongo wa Bukavu, aliyesema alifundishwa mapishi na mhandisi wa Meksiko ambaye yeye alikuwa mpishi wake zamani. Siku nyingine mhandisi yule alikuwa amejenga daraja. Siku nyingine alijenga bwawa. Mvua ikikaza na wateja wakashindwa kuondoka, mhandisi alijenga mji mzima pamoja na uwanja wa ndege. Lakini chakula chenyewe hakikubishiwa na mtu.

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, Bwana Hippolyte alitundika uani mwa mkahawa mnyama wa karatasi mwenye peremende tumboni, naye akapigwa kwa mpini wa ufagio mpaka apasuke. Mnyama alitengenezwa na mtoto wa mtaani. Aliyechaguliwa mnyama wake alivalishwa kofia kubwa ya ukindu, na familia yake ikakalishwa kwenye meza ndefu karibu na jiko kama wageni wa heshima. Mnyama alipokaribia kupasuka, mtoto yule alisimama chini yake akiwa ameivua kofia na kuigeuza kama bakuli, adake peremende za kwanza. Watoto wengine walingoja nyuma ya mstari wa chaki mpaka mwenye kofia apige ukelele, "Haya!"

Mwezi ule watengenezaji walikuwa wawili: Nakhisa, na Travis wa ghorofa ya juu.

Travis alitengeneza korongo, yule ndege wa taji aliye kwenye bendera ya Uganda. Taji lilipendeza. Tatizo lilikuwa shingo. Aliibandika kabla tumbo halijakauka, ikapinda, na korongo akawa kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. Watoto wakawa wanapita, wanamtazama punda, wanamtazama korongo, wanacheka.

Ijumaa jioni punda alikuwa amekauka isipokuwa kwato. Nakhisa alimpakata, akampaka rangi ukwato wa mwisho. Ndipo aliposikia sauti ya Travis kutoka kwenye ngazi.

"Jamani! Leo ni bathdei ya Nakhisa!"

Sasa, Kampala mtu akisemwa hivyo hapewi nafasi ya kujieleza. Bathdei ni kumwagiwa maji, na kumwagiwa maji ni kupendwa. Watoto walitoka kila mlango, huyu na beseni, huyu na jagi, huyu na kopo la chooni.

"Si leo!" Nakhisa alipiga kelele. "Si leo! Subirini, mtamharibu punda!"

"Kila mwenye bathdei husema si leo!" Travis alijibu, na beseni lake ndilo lililotangulia.

Maji yalipokwisha, Nakhisa alikuwa amekumbatia uji. Sikio moja lilibaki mkononi mwake. Macho yale, yale yaliyotazama kweli, yaliteremka kifuani mwa gauni lake kama wino wa kalamu iliyovuja.

Alipanda kwa mama yake akilia. Mama alimkausha kwa kanga, akasema, "Pole, mwanangu. Watoto wanacheza." Alimwendea na mama yake Travis. Huyo naye akasema, "Aa, kwani maji yanaua? Ulikuwa mchezo tu." Baba alisema vivyo hivyo. Hata Kukhu, ambaye hakujua yote, alisema, "Utatengeneza mwingine, mayi."

Neno *mchezo* lilimwingia Nakhisa kama mwiba wa samaki kooni. Alilala nalo, akaamka nalo. Alipopiga mswaki aliusugua ulimi wake kana kwamba ni uso wa Travis. Akilini alimwona Travis akilia. Alimwona Travis akipiga magoti. Alimwona Travis akirudi kijijini kwao kwa miguu, akilia na kupiga magoti njia nzima. Hakuna picha iliyomtosha.

Jumamosi asubuhi Bwana Hippolyte alipewa habari na Acen, mhudumu wake, aliyeishi ghorofa lilelile. Alimwita Nakhisa mkahawani.

"Mutoto wangu, nimesikia ile punda ilikufa. Pole sana. Korongo ndiyo itapanda kesho, sina namna. Lakini wewe ndiye utaijaza peremende. Kazi ya kujaza napatiaka mutu mwenye naamini."

Alimpa mfuko wa peremende, akamwonyesha korongo aliyekuwa stoo, akarudi jikoni kugeuza nyama.

Nakhisa alibaki peke yake na korongo. Shingo ile iliyopinda ilikuwa inamchungulia.

Stoo ile ndimo ilimokaa mikebe ya viungo. Mkebe mwekundu ulikuwa wa pilipili kali iliyokaushwa na kusagwa, ambayo Bwana Hippolyte aliichota kwa ncha ya kisu tu. Alipenda kusema kwamba siku moja alipiga chafya mkebe ukiwa wazi, na wiki nzima hakuna nzi aliyekatiza barabara ile.

Nakhisa alifikiri haraka. Nani husimama chini ya mnyama? Mwenye kofia. Nani hutazama juu? Mwenye kofia. Watoto wengine wako nyuma ya mstari. Wakimwona Travis analia watakimbia, hakuna atakayeumia. Hesabu yake iliishia hapo, naye akaiona imetimia.

Alimimina peremende tumboni. Juu yake akamimina pilipili, nusu mkebe. Kisha akaziba tundu kwa karatasi na gundi, akalipulizia likauke. Alipotoka, Bwana Hippolyte alimuuliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Asante, binti. Ndiyo maana nilikuita wewe."

Maneno hayo yalimchoma kidogo. Alitembea haraka mpaka akayaacha nyuma.

Jumapili baada ya ibada, familia ya Nakhisa ilitembea mpaka Kofia Kubwa. Kukhu alikwenda polepole, si kwa uchovu, bali kwa sababu kila hatua alisimama kutazama. Alitazama mafungu ya nyanya. Alitazama bodaboda iliyobeba kitanda, na mwenye kitanda amekaa juu yake. Alimtazama Nakhisa pale juani.

"Kumbe una doa shavuni kama la babu yako," alisema. "Limekutoka miaka hii miwili, na hakuna aliyeniambia."

Mkahawa ulikuwa umejaa. Familia ya Travis ilikuwa kwenye meza ya heshima, na Travis alivaa kofia kubwa. Ukingo wake ulimfanya kila aliyepita ainame. Acen alikuja na jagi na beseni, akawanawisha mikono mmoja mmoja.

"Nyabo, wewe nakunywa nini?" alimuuliza Kukhu kwa heshima.

"Niletee chochote chenye rangi. Nataka kukiona."

Akaletewa kinywaji chekundu cha maua yaliyochemshwa, kimepoa. Kisha chakula kikafika: mikate myembamba ya unga wa mahindi, ya mviringo, ya moto, nyama iliyochambuliwa, maharage meusi yaliyopondwa, parachichi lililosagwa na ndimu, na bakuli la kachumbari ya nyanya. Kukhu aliuinua mkate mmoja akautazama kwenye mwanga.

"Huu si mkate," alisema. "Huu ni ugali uliopigwa pasi."

Bwana Hippolyte, aliyekuwa anapita, alicheka mpaka akakaa. "Mama! Mimi natafuta ile neno miaka mingi!" Akamfundisha kuweka nyama, kuweka maharage, kukunja, na kuinamisha kichwa badala ya kuinua chakula. Kukhu aliinamisha kichwa. Maharage yalimteremka mpaka kwenye kiwiko, akayafuata kwa ulimi bila aibu. Baba aliomba mikate mingine. Mama alisema haya ni mambo ya kujaribu nyumbani.

Nakhisa hakula. Alikuwa anamtazama Travis, ambaye alikuwa anakula kwa mikono miwili. Kula, alisema moyoni. Kula vizuri. Utayatoa yote kwa machozi.

Muda ulipofika, kila mtu alitoka uani. Korongo alining'inia kwenye kamba iliyopita juu ya boriti, na Bwana Hippolyte alishika upande wa pili amchezeshe juu na chini. Kwa kawaida aliyepiga alikuwa mtoto mdogo aliyefungwa kitambaa machoni, naye akakosa, akafuata mwingine, akakosa, huku watu wote wakipiga kelele za kumpoteza: "Kushoto! Kulia! Usipige, si hapo!" Hiyo ndiyo ilikuwa raha yenyewe.

Lakini siku ile Bwana Hippolyte alinyanyua mkono.

"Leo tuko na mugeni. Mama ya Bungoma ametoka hospitali, macho yake ni mapya. Leo hatutaanza na watoto. Mama, njoo uchape hii ndege!"

Watu walishangilia. Nakhisa alisukuma watu kuelekea mstari wa chaki.

Kukhu alikabidhiwa mpini wa ufagio. Acen alipoleta kitambaa cha kumfunga, alikisukuma.

"Miaka miwili nimefungwa macho, na unataka kunifunga tena? Hapana, binti yangu. Huyu ndege nitampiga nikimwona." Kisha akavua miwani myeusi, akampa mama yake Nakhisa ashike. "Nataka kuziona peremende zikianguka."

Akasimama chini kabisa ya korongo, bega kwa bega na Travis, akainua uso juu. Macho yake yalikuwa wazi kama ya mtoto.

"Kukhu, usipige!" Nakhisa alipaza sauti.

"Usipige!" watu wakaitikia kwa kicheko. "Kushoto, Kukhu! Nyuma!"

"Kukhu, nakuomba! Ndani mna kitu kibaya!"

"Mna nyoka!" mwingine akaongeza. "Mna polisi!"

Kukhu alicheka. "Mayi, nami najua mchezo wenu. Hamnidanganyi." Akapiga. Bwana Hippolyte akavuta kamba, korongo akaruka, mpini ukapita hewani. Watu wakapiga makofi. Kukhu akajipanga upya, akashika mpini kwa mikono miwili kama mtu anayepura maharage.

Nakhisa alivuka mstari wa chaki. Hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika. Kuna watu wa Bukoto wanaoapa mpaka leo kwamba aliruka juu ya meza mbili na mzee mmoja. Alimdaka korongo kwa mikono yote miwili, akamvuta kifuani mwake, akampa bibi yake mgongo. Mpini ulishuka. Ulimpiga begani, ukateleza, ukapasua tumbo la karatasi pale pale chini ya kidevu chake.

"Fungeni macho!" alipiga kelele. "Kukhu, funga macho! Ni pilipili!"

Hakumaliza. Wingu jekundu lilimpanda usoni. Mama alimrushia Kukhu kanga usoni, akamkokota mpaka mlangoni. Watoto walikimbia. Uani ilianza chafya moja, zikawa kumi, zikawa kama bendi ya tarumbeta. Bodaboda barabarani wakasimama, na inasemekana mbuzi wa nyumba ya tatu alipiga chafya mpaka akakata kamba. Katikati ya hayo yote Nakhisa alikuwa amepiga magoti, mikono iko usoni, anasugua, na kila akisugua moto unazidi.

"Asisugue!" Ilikuwa sauti ya Kukhu kutoka chini ya kanga. "Mshikeni mikono asisugue! Maji safi, mengi, ya kutiririka! Mlazeni kichwa upande, yamwagwe kutoka puani kwenda nje. Ndivyo nesi alivyotufundisha wodini. Nani yuko karibu na maji?"

Aliyekuwa karibu na maji alikuwa Travis. Lile jagi la Acen la kunawia lilikuwa kwenye kiti, kando yake.

Alilichukua. Akamwaga. Acen alimshika Nakhisa mikono, na Bwana Hippolyte akawa anajaza jagi la pili. Hivyo ndivyo Travis alivyommwagia Nakhisa maji kwa mara ya pili, na safari hii aliyemwagiwa aliomba aendelee. Travis naye machozi yalimtoka, maana upepo ulimgawia kidogo, lakini hakuacha kumwaga.

Baada ya muda mrefu Nakhisa aliweza kufumbua jicho moja.

"Kukhu?" aliuliza. "Kukhu macho yake?"

"Mazima," mama alisema. "Kanga imemsaidia. Nani ametia pilipili mle?"

Hapa na pale watu walikuwa bado wanapiga chafya.

"Ni mimi," Nakhisa alisema. "Nilitaka imwangukie Travis. Alimwua punda wangu."

Bwana Hippolyte aliweka jagi chini. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Mimi nilikupa stoo yangu, binti. Nilikuuliza, ukaniambia umemaliza."

Nakhisa aliinamisha kichwa. Maji yalimdondoka kutoka puani.

Mama yake Travis alianza, "Sasa mtoto gani huyu, kwa mchezo wa maji tu..."

"Haukuwa mchezo," Travis akasema.

Wote wakamgeukia. Alikuwa ameivua kofia na kuishika kwa nyuma kama mtu anayetaka kuificha.

"Nilijua si bathdei yake. Punda wake alikuwa mzuri kuliko korongo wangu. Nilitaka maji yamharibu. Niliwaita wengine ili isemekane ni mchezo."

Kukhu aliomba kiti, akakaa mbele ya watoto wote wawili. Alivaa miwani yake, kisha akaivua tena, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Nakhisa, kwanza wewe, kwa kuwa wewe ni wangu. Ulikosewa. Ulituambia, nasi wakubwa tukasema ni mchezo. Hilo ni kosa letu, na mimi nimo. Lakini ulipotia pilipili ulikuwa unamwona Travis peke yake. Hukuniona mimi. Hukuwaona watoto wanaongoja peremende nyuma ya chaki. Mimi nilikuwa na ukungu machoni, mayi, nikajua ninao, nikapanda basi kutafuta daktari. Wewe hasira ilikuziba, ukadhani unaona vizuri kuliko watu wote."

Nakhisa alilia, na safari hii machozi hayakuwa ya pilipili.

"Na wewe, Travis, shingo ya ndege ilipinda kwa haraka yako. Ungemwomba huyu akuonyeshe gundi hukaukaje, angekuonyesha. Umeharibu kazi ya mwenzako, na yako bado imepinda. Umefaidi nini?"

"Hakuna, Kukhu."

"Mkikosewa tena, semeni, na msiposikilizwa semeni tena mpaka tuchoke nanyi. Mkikosea, semeni pia, kama mlivyosema leo. Hiyo ndiyo itawaokoa." Akageukia meza. "Sasa ule ugali wa pasi umeisha, au watu wamepiga chafya juu yake?"

Adhabu iliamuliwa na Bwana Hippolyte. Walifagia ua wote, wakaosha kila kiti. Na mnyama wa mwezi uliofuata wangemtengeneza wawili, kwa sufuria moja ya gundi.

Siku za mwanzo walifanya kazi bila kuzungumza. Nakhisa alikuwa amesamehe kwa mdomo, lakini hasira ilikuwa bado imemkaa kama uzi wa nyama kwenye jino. Travis alipobandika karatasi moja, yeye alibandika mbili juu yake. Travis naye hakukubali kushindwa, akabandika tatu. Wakashindana hivyo mpaka wakajikuta wanacheka, na mnyama akawa amepatikana: mwili wa punda, taji la korongo, shingo imenyooka.

Jumapili ilipofika alipigwa na watoto wote. Hakupasuka. Akapigwa na Baba. Akapigwa na Bwana Hippolyte, mpini ukavunjika. Mwishowe walimkata kwa msumeno wa fundi ndipo peremende zikatoka, na wanaosema msumeno ule haukukata tena kitu, mimi siwabishii.

Kukhu alipokuwa anarudi Bungoma, aliomba apewe mnyama yule. Alimpakata ndani ya basi, akakataa asiwekwe pamoja na mizigo.

"Wa nini, Kukhu?" Nakhisa alimuuliza dirishani.

"Kuku wangu watatagia humu ndani. Kitu kilichobandikwa kwa hasira zenu zote mbili, hakuna kicheche atakayekitoboa." Kisha akauinua uso wa mjukuu wake kwa kidole, akautazama kwa muda, pamoja na lile doa la babu. "Umepona vizuri. Hebu niambie, bathdei yako hasa ni lini?"

Nakhisa alitazama nyuma. Travis alikuwa amesimama hapo, masikio wima.

Akapanda kwenye tairi la basi, akamnong'oneza Kukhu peke yake.